Vidonge vya antioksidanti si dawa ya kisukari cha mimba

Malalamiko yameongezeka kutoka kwa wajawazito wenye kisukari walioambiwa kliniki waache vidonge vya antioksidanti (vitamini C na E, zinazozima kemikali haribifu mwilini) walivyojinunulia. Baadhi yao wanaamini wamenyimwa tiba. Hakuna aliyenyimwa.

Wazo kwamba vidonge hivyo ni tiba lina asili yake. Sukari ikizidi kwenye damu, mwili huzalisha kemikali haribifu kuliko unavyoweza kuzizima, na panya wenye kisukari waliopewa vitamini E walizaa watoto wenye kasoro chache zaidi. Kwa binadamu mambo hayakwenda hivyo. Utafiti wa DAPIT wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha wajawazito 762 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kundi moja lilimeza kila siku miligramu 1,000 za vitamini C na uniti 400 za vitamini E, jingine vidonge visivyo na dawa. Shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba halikupungua. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba vitamini hizo hazipendekezwi kwa wajawazito kwa lengo la kuboresha afya ya mama na mtoto.

"Lakini ni vitamini tu, zitadhuru nini?" Swali hili tunalijibu kila siku, na jibu ni lilelile. Vitamini A ya aina ya retinoli ikizidi uniti 10,000 kwa siku inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Vitamini C ikiwa nyingi mwilini, baadhi ya mashine za kuchoma kidole husoma sukari juu kuliko ilivyo, na mtu akaongeza insulini asiyoihitaji.

Kuhusu kipimo cha kunywa glukosi, kinachoonyesha kama una kisukari cha mimba, kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya ujauzito: usile kwa saa 8 au zaidi, maji yanaruhusiwa. Damu ya kwanza hutolewa kabla ya kunywa. Kisha unakunywa gramu 75 za glukosi ndani ya dakika 5, zote. Saa huanza kuhesabiwa unapoanza kunywa, si unapomaliza. Damu hutolewa tena baada ya saa 1 na saa 2, ukiwa umekaa. Ukitembeatembea au ukitapika, majibu hayafai na utarudia siku nyingine. Thamani moja tu ya sukari (kwa mmol/L) ikifika 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa 1, au 8.5 baada ya saa 2, una kisukari cha mimba. Mbili zilizobaki kuwa nzuri hakubadilishi kitu, hata mkibishana na maabara.

Asidi ya foliki, madini ya chuma na insulini ulizoandikiwa usiziache. Agizo la kuacha halizihusu hizo. Vidonge vingine vyote njoo navyo kliniki ndani ya chupa zake, kwa kuwa tunachohitaji kusoma ni kiasi kilichoandikwa kwenye lebo.