Maziwa Hayaondoi Sumu ya Dawa ya Kahawa

Mimi ni muuguzi Nairobi. Kila msimu wa kupiga dawa kahawa tunaletewa akina mama waliodhurika na sumu ya dawa ya wadudu kutoka mashamba ya Kiambu na Murang'a. Haya ndiyo wanayotuuliza.

Swali: Sikunywa dawa. Sumu imeingiaje?
Kupitia ngozi, mama. Pampu inavuja mgongoni, leso inalowa, nawe unasema umalize mistari miwili iliyobaki. Hata anayefua nguo za aliyepiga dawa huipata mikononi.

Swali: Dalili ni zipi?
Jasho, machozi na mate yasiyokauka, kutapika, kuhara, misuli kuchezacheza, kifua kubana. Mama mmoja aliletwa na shemeji yake saa kumi jioni. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Alikuwa mgonjwa tangu saa nne asubuhi na alishanyweshwa pakiti mbili za maziwa. Ya tatu shemeji alikuwa ameishika. Saa zote hizo, hakuna aliyemvua ile leso iliyolowa dawa.

Swali: Kwani maziwa hayakati sumu?
Hapana. Sumu iko kwenye damu, maziwa yako tumboni. Hayakutani.

Swali: Hata kikombe kimoja tukingoja gari?
Hapana. Mgonjwa anayetapika huweza kupaliwa, maziwa yakaingia mapafuni.

Swali: Mayai mabichi je? Au maji ya chumvi atapike?
Hapana, na tafadhalini sana, hapana. Kila dakika mnayokoroga kitu jikoni ni dakika ambayo hajapata atropini, dawa ya kupambana na sumu hii, na atropini iko hospitalini, haiko jikoni.

Swali: Basi tufanye nini?
Mvueni nguo zote, nanyi mkiwa na glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mwosheni kwa sabuni na maji mengi. Dawa ikiingia machoni, suuzeni kwa maji safi dakika 15. Akilegea, mlazeni ubavu. Kisha hospitali, hata kwa bodaboda, na chupa ya dawa mkononi.

Swali: Akipata nafuu tungoje asubuhi?
Hapana. Pumzi inaweza kukata usiku.

Swali: Tutapunguzaje kupiga dawa?
Msimu ukiisha, chumeni buni zote zilizobaki mtini na kuokota zilizoanguka, kwa sababu mdudu atoboaye buni hujificha humo. Pogoeni miti ipate hewa. Mkipanda upya, aina za kahawa za Ruiru 11 na Batian hustahimili kutu ya majani na ugonjwa wa buni, kwa hiyo dawa za ukungu hupungua. Mwenye mimba na anayenyonyesha wasishike pampu kabisa.

Swali: Chupa ikiisha naweza kutilia mafuta ya kupikia?
Hapana! Isuuze mara 3, maji hayo uyamwage ndani ya pampu uyapige shambani, kisha uitoboe. Na chupa ingali na dawa, lebo usiibandue: mgonjwa akifika, ndiyo tunayoiuliza kwanza.