Namba ya Social Security si ruhusa ya FAFSA

Jamani, imekuja tena: "Mtoto ana namba ya Social Security, si ajaze FAFSA tu?" FAFSA ni fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani. Namba ile ni ya kazi na kodi. Mwenye DACA (kinga ya muda kwa walioletwa wakiwa watoto bila makaratasi) anayo, mwenye TPS (kinga ya muda kwa watu wa nchi zenye vita au maafa) anayo, anayesubiri jibu la hifadhi naye huipata akishapewa kibali cha kazi. Wote hao hawapati senti ya Pell, ruzuku ya masomo isiyorudishwa, wala mkopo wa serikali kuu. Mkimbizi aliyeletwa kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, au ambaye hifadhi yake imeshakubaliwa, huyo ajaze leo hii.

Kwa California, asiye na makaratasi ana njia yake, ila watu huichanganya mpaka naishiwa pumzi. AB 540, sheria ya 2001, HAITOI PESA. Inakuondolea ada ya mgeni, ile ya ziada anayotozwa asiye mkazi wa jimbo, ambayo kwenye kampasi za UC (Chuo Kikuu cha California) inazidi dola 30,000 kwa mwaka. Pesa zinaombwa kwa CADAA, fomu ya tume ya misaada ya jimbo, kwa kawaida kabla ya 2 Machi. Kiapo cha AB 540, karatasi ya kuapa kwamba unatimiza masharti ya sheria hiyo, ni kitu kingine. Uliza chuo chako kinakitaka vipi. Ukijaza fomu ukasahau kiapo, chuo kinaweza kukuletea ankara ya mgeni.

Miaka mitatu ya masomo inayotakiwa na AB 540 si lazima yote iwe ya sekondari. Shule ya watu wazima na chuo cha jamii huhesabiwa pia. Aliyeingia kwa viza ya matembezi ikaisha anaweza kufuzu, lakini ambaye bado anayo hai hafuzu. Sikuitunga mimi.

Halafu majina. Shule ikituma alama za Juma Ali na fomu ikasoma Juma Ali Hamisi, mfumo unaona watu wawili, na Cal Grant, ruzuku ya masomo ya jimbo, inaning'inia. Andika kama shule ilivyoandika, hata kama babu atanuna.

Panaponitatiza ni mtoto raia mwenye wazazi wasio na makaratasi. FAFSA inampa Pell, hadi dola 7,395 kwa 2025-26, na inataka taarifa za wazazi. Jimbo linamruhusu ajaze CADAA badala yake, lakini Pell anaikosa. Sheria inasema taarifa za FAFSA ni za msaada wa masomo tu, na zamani nilikuwa nasema jaza bila wasiwasi. Siku hizi, kwa hofu kwamba taarifa hizo zitafika kwa idara ya uhamiaji, nauliza kwanza: kuna ndugu yake aliyewahi kujaza? Kama jina la mama limeshafika serikalini, kulificha leo ni kuitupa Pell bure. Kama ni mara ya kwanza, nawawekea wazazi hesabu zote mbili, ya FAFSA na ya CADAA, mezani na kunyamaza.