Risasi kwenye damu, zebaki kwenye mkojo: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Mtoto akipata homa, mama hukimbilia kumpima malaria. Mtoto anayekulia ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu hapimwi risasi, ile metali yenye sumu, pengine mpaka awe mtu mzima. Ni kweli maabara zenye uwezo huo ni chache. Lakini hata pale zilipo watu hawaulizi, kwa sababu ya mambo tuliyozoea kuyaamini kuhusu sumu na mwili.

"Ningekuwa na sumu mwilini, ningejua."

Usingejua. Risasi ikiwa kidogo kwenye damu ya mtoto haileti homa wala upele. Inaharibu ubongo unaokua, polepole: mtoto anachelewa kujifunza, hatulii, na watu wazima wanamwita mtundu au mzito wa kuelewa. Ikizidi ndipo tumbo linauma, choo kinakuwa kigumu, damu inapungua, na mwishowe degedege. Dalili zote hizo zinafanana na za magonjwa tunayoyajua, kwa hiyo anatibiwa hayo.

Ndivyo ilivyokuwa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007 kikipakana na makazi ya watu wapatao 3,000. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, alihangaika hospitalini na mwanawe mchanga aliyekuwa akitibiwa malaria na homa ya matumbo bila nafuu, hadi damu yake ilipopimwa risasi. Kipimo hicho ndicho kilichogeuza uchungu wa mzazi mmoja kuwa ushahidi wa mtaa mzima. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi wafidiwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

"Kiwanda kikifungwa, sumu imekwisha."

Watoto wa Owino Uhuru walipimwa tena baada ya tanuri kuzimwa, wakalinganishwa na wenzao wa mtaa wa Bangladesh, hapo hapo Mombasa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: wastani wa maikrogramu 7.4 za risasi kwa desilita ya damu Owino Uhuru, na 3.7 Bangladesh. Mara mbili.

Kuelewa kwa nini, fuata njia ya risasi mwilini. Kwenye damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja, lakini sehemu yake huhamia mifupani na kukaa huko miaka mingi, hata miongo. Kwa hiyo damu ya mtoto wa miaka miwili inasimulia zaidi yanayoingia sasa: udongo anaouchezea, vumbi la sakafuni, mikono anayoitia mdomoni. Mifupa nayo haisahau. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake inapotoa kalsiamu ya kumjenga mtoto, inatoa na risasi aliyoivuta akiwa msichana.

"Kunywa maziwa, yataiondoa."

Hii nimeisikia kwa wapaka rangi, mafundi betri na wapuliza dawa za mashambani, na inaniuma, maana wapo waajiri wanaogawa pakiti ya maziwa mahali pa barakoa. Maziwa hayaoshi damu. Kilicho kweli ni kwamba mtoto anayepata kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye upungufu, basi lishe bora inamsaidia. Iliyokwishaingia haitoki kwa glasi ya maziwa. Dawa za kuinasa na kuitoa zipo, hutolewa hospitalini chini ya uangalizi, tena kwa viwango vya juu, kwa kawaida kuanzia maikrogramu 45 za risasi kwa desilita ya damu ya mtoto.

"Pimeni maji na udongo, watu waacheni."

Maji na udongo ni lazima vipimwe. Lakini ukipima mazingira, unapima tu kile ulichokwisha kukishuku. Damu huonyesha usichokiwazia. Katika vijiji vya nchi ya Bangladesh, wanawake wajawazito walikutwa na risasi nyingi ingawa hapakuwa na kiwanda karibu. Watafiti waliifuatilia hadi kwenye bizari ya manjano: wasindikaji walikuwa wakiipaka kromati ya risasi, rangi ya njano yenye sumu, ili ing'ae. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019, serikali ikasaka na kutoza faini. Sampuli za sokoni zilizokuwa na uchafu huo zilikuwa asilimia 47 mwaka huo, na kufikia 2021 hazikupatikana tena.

Nasi tunavyo vyanzo vya nyumbani. Wanja wa manga anaopakwa mtoto machoni mara nyingi hutengenezwa kwa jiwe la salfaidi ya risasi. Sufuria zinazofinyangwa kwa vyuma chakavu zimekutwa zikitoa risasi kwenye chakula. Sabuni na krimu za kujichubua zimekutwa na zebaki.

"Majibu yako chini ya kiwango, uko salama."

Kiwango hiki si mpaka kati ya salama na hatari, ni mstari wa kuchukua hatua, na umekuwa ukishushwa. Marekani ilitumia maikrogramu 60 katika miaka ya 1960. Kufikia 1991 ilikuwa 10, mwaka 2012 ikawa 5, na tangu 2021 ni 3.5. Shirika la Afya Duniani linasema mtu akifikia 5 chanzo kitafutwe na kuondolewa, na linasema pia kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Mstari huo ulishuka kwa sababu watu walipimwa. Kati ya 1976 na 1980 uchunguzi wa taifa huko Marekani ulionyesha risasi kwenye damu ikipungua kwa zaidi ya theluthi, sambamba na kupungua kwa risasi kwenye petroli. Takwimu hizo zikawa hoja nzito ya kuiondoa. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006.

"Kipimo kimoja cha damu kinatosha."

Inategemea sumu. Mchimbaji wa Geita anayechoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki huvuta mvuke, na kipimo chake ni mkojo. Zebaki inayotokana na kula samaki husomwa kwenye damu au nywele. Huko Minamata, Japani, ambako watu walidhurika kwa kula samaki wenye zebaki, familia zilikuwa zimehifadhi vitovu vikavu vya watoto wao, na zebaki ikapimwa humo miaka mingi baada ya kuzaliwa. Mpuliza dawa za wadudu anafaa kupimwa kolinesterasi, kimeng'enya cha damu ambacho baadhi ya dawa hizo hukidhoofisha, kabla ya msimu, la sivyo majibu ya baadaye hayana pa kulinganishwa.

Na maziwa ya mama? Shirika la Afya Duniani limeratibu upimaji wa kemikali humo tangu 1987, na bado linashauri kunyonyesha. Yanapimwa ili kujua jamii imebeba nini, si kuwatisha akina mama.

"Wakishapima, kazi yao imekwisha."

Timu ikija mtaani na sindano, ulizeni kabla ya kutoa mkono: majibu tutayapata lini, nani atatibu, chanzo kitaondolewa na nani? Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, uchimbaji wa dhahabu ulisambaza vumbi la risasi vijijini na zaidi ya watoto 400 walikufa. Shirika la misaada ya tiba la Madaktari Wasio na Mipaka lilikataa kuanza dawa kwa mtoto ambaye angerudi kwenye ua uleule wenye sumu, kwa sababu damu yake ingepanda tena. Kijiji cha Bagega kilisubiri hadi 2013 udongo wake usafishwe, ndipo watoto wake wakaanza kutibiwa.