Mtawanyo wa Mesoni Unapima Nini Ndani ya Kiini cha Atomu

Maswali yanayotufikia kuhusu majaribio ya mesoni, chembe ndogo za muda mfupi ambazo mashine huzirusha kwenye kiini cha atomu ili zitawanyike, yanazidi kuongezeka, na mengi yanatokana na dhana kwamba mashine hizi hupiga picha ya kiini cha atomu. Hazipigi picha. Tunachopata ni hesabu ya mesoni zilizotawanyika kwa kila pembe pamoja na nishati zilizopoteza, na kutokana na hesabu hiyo ndipo mpangilio wa ndani wa kiini hukadiriwa.

Mtawanyo wa elektroni, uliompatia mwanafizikia Robert Hofstadter Tuzo ya Nobel mwaka 1961, huonyesha hasa mahali ilipo chaji, yaani protoni. Nyutroni, ambazo katika viini vizito ni nyingi kuliko protoni, karibu zote hubaki zimefichika. Hapo ndipo paioni, mojawapo ya mesoni, inapohitajika. Ikiwa na nishati ya mwendo ya takriban milioni 180 za elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe), paioni hasi hutawanywa na nyutroni kwa kiasi cha karibu mara tisa ya inavyotawanywa na protoni, ilhali paioni chanya hufanya kinyume chake. Kaboni-13, aina ya kaboni yenye nyutroni saba, inapopigwa kwa aina zote mbili, hali yake ya msisimko yenye nishati ya milioni 9.5 za elektronivolti hujitokeza kwa nguvu mbele ya paioni hasi na kufifia sana mbele ya paioni chanya, jambo linalothibitisha kwamba kilichosisimuliwa ni nyutroni. Anayeuliza kwa nini tunarudia jaribio lilelile kwa chaji nyingine ameshajibiwa.

Katika nishati hiyo, hata hivyo, paioni humezwa upesi na huona zaidi uso wa kiini. Kwa sehemu za ndani hutumika kaoni chanya, mesoni nyingine, ambayo huingiliana na nukleoni (yaani protoni na nyutroni) kwa udhaifu na hivyo hupenya mbali zaidi.

Wapo pia wanaohofia kwamba mesoni hubaki hewani. Paioni yenye chaji huishi kwa wastani wa sehemu 26 za bilioni ya sekunde, na kwa nishati tuliyoitaja husafiri wastani wa mita 16 hivi kabla ya kuoza. Hofu hiyo haina msingi. Kinachohitaji tahadhari ni mkondo wa protoni unaozalisha mesoni, pamoja na vyuma na shabaha ulivyovipiga, kwa kuwa vitu hivyo huendelea kutoa mionzi hata baada ya mashine kuzimwa. Ndiyo maana chumba cha majaribio hupekuliwa kuhakikisha hakuna mtu ndani, milango hufungwa, na mkondo hauwashwi mpaka kila funguo iliyochukuliwa na aliyeingia irudishwe mahali pake. Mlango ukifunguliwa kwa nguvu, mkondo hukatika wenyewe, upekuzi huanza upya, na aliyekiuka utaratibu anaweza kuondolewa ruhusa ya kuingia.

Watafiti wageni nao wazingatie masharti ya vipimo. Shabaha tupu, yaani chombo kisicho na kitu kinachochunguzwa ndani yake, hupimwa kwanza ili mtawanyo unaotokana na chombo chenyewe utolewe. Miuoni (chembe zinazotokana na kuoza kwa paioni) na elektroni zilizochanganyika katika mkondo hukadiriwa. Kisha hupimwa haidrojeni, ambayo mtawanyo wake unajulikana vizuri, ili iwe kigezo. Matokeo yasiyo na kigezo hicho, wala kingine kinachokubalika, hayawezi kulinganishwa na ya maabara nyingine, na muda wa mkondo uliotumika kuyakusanya huwa umepotea.