Mbwa mwenye kifafa: kabla ya kumchukua, niambie nani atampa dawa

Watu wanaokuja kuniuliza habari za mbwa mwenye kifafa aliyeko kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe huwa wameshampenda. Wamekwenda kumwona Jumamosi, na watoto wameshampa jina. Swali lao ni moja: "Dokta, atapona?" Kwa kawaida haponi, anatulizwa tu. Mimi nina swali ambalo wengi wanaliona dogo: saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila siku, kwa miaka, nyumbani kwenu anakuwepo nani?

Si kila mbwa anayeanguka ana kifafa chenyewe. Kile kisicho na chanzo kinachoonekana, ambacho mara nyingi ni cha ukoo, huanza mbwa akiwa kati ya miezi 6 na miaka 6. Akianza kuanguka uzeeni, nawaza uvimbe kwenye ubongo. Akiwa bado mtoto, nawaza sumu, ini, au sukari kushuka. Na kwa mbwa waliookotwa mtaani, jambo la kwanza ninalofanya ni kuinua mdomo nitazame meno. Distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ikimpata mtoto wa mbwa wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, meno hayo hutoka na vishimo na mabaka ya kahawia, kama bati lililoanza kushika kutu. Mbwa wa namna hiyo alinusurika, lakini virusi vile hushambulia ubongo pia. Ukimwona amelala fofofo huku paja au shavu linaruka kwa mdundo uleule, hapo picha imekamilika. Anaweza kuishi vizuri tu, ila kuanguka kwake huwa kugumu zaidi kutuliza kwa dawa, na anayemchukua ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kusaini chochote.

Halafu kuna majirani. Mbwa akianguka uani, akitoa povu na kupiga miguu hewani, mtaa mzima utasema ana kichaa cha mbwa, na siwalaumu, kwa sababu kichaa kinaua watu kweli. Tofauti ni kwamba mwenye kifafa hurudi kuwa mbwa yuleyule baada ya dakika au saa chache, wakati mwenye kichaa huzidi kuharibika na kufa, kwa kawaida ndani ya siku 10 tangu dalili zianze. Lakini tofauti hiyo usiipime wewe kwa mkono wako. Mbwa asiye na historia ya chanjo akianguka kwa mara ya kwanza, msimguse, mfungieni mahali alipo, mpigieni daktari. Kwa mbwa unayemchukua tayari akijulikana kuwa na kifafa, hakikisha chanjo ya kichaa haijapitwa na tarehe, kisha chukua kadi umwonyeshe mjumbe na majirani wa pande zote, kabla hajaanguka mbele yao. Mbwa wengine hufa kwa mawe ya watu wenye hofu, si kwa ugonjwa.

Dawa ninayoanza nayo kwa wengi ni fenobabitoni. Ni dawa ileile wanayopewa watu wenye kifafa hospitalini, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na haina bei ya kutisha. Hutolewa kila baada ya saa 12, na huchukua wiki mbili hivi kutulia kwenye damu. Wiki hizo ndizo zinazowashinda watu. Mbwa anayumba kama mlevi, analala sana, anakunywa maji ndoo nzima na kukojoa sebuleni, na njaa yake haina adabu. Kuyumba na usingizi kwa kawaida hupungua. Kiu na njaa hubaki kwa kiasi fulani, kwa hiyo pima chakula, la sivyo utafuga pipa. Baadaye tunapima damu kujua kiwango cha dawa na hali ya ini, kisha tunarudia kila baada ya miezi 6 hivi. Gharama iko huko kwenye vipimo kuliko kwenye vidonge, basi ipigie hesabu mapema.

Kitu kimoja usifanye kamwe: kuikatisha ghafla. Mwili uliozoea fenobabitoni ukinyimwa, mbwa anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka. Nunua chupa mpya kabla ya ile ya zamani kuisha. Na hapo narudi kwenye swali langu, kwa sababu simu za kuogofya huingia Desemba. Familia imepanda basi kwenda Moshi kula sikukuu, mbwa ameachiwa mlinzi, na mlinzi hakuelezwa kwamba vile vidonge si vitamini. Mlinzi au dada wa kazi anaiweza kazi hii kabisa, na wengine wanaifanya vizuri kuliko wenye nyumba. Ila afundishwe mbele yako, apewe daftari la kutia alama, na awe na namba yangu.

Wapo mbwa tunaowaongezea dawa nyingine ya kifafa, bromaidi ya potasiamu. Kwa hao, chumvi ndiyo inayoniumiza kichwa. Chumvi ikizidi kwenye chakula, figo huitoa bromaidi haraka na kiwango cha dawa mwilini kinashuka. Mbwa aliyetulia miezi mingi akianza kupewa makombo ya ng'onda na ugali, anaweza kuanguka tena, na nyumba nzima ikadhani dawa imechoka.

Siku ya kuanguka yenyewe, kazi yako ni ndogo. Usimtie kijiko mdomoni. Hamezi ulimi wake, ila vidole vyako anaweza kuving'ata bila kujua. Sogeza viti, zima redio, washa saa ya simu na umrekodi. Mara nyingi huisha ndani ya dakika mbili. Ikipita dakika 5, au akianguka zaidi ya mara moja ndani ya saa 24, ni dharura, mlete usiku huohuo. Akizinduka anaweza kuwa haoni kwa muda na kugongagonga kuta. Mwache, watoto wakae mbali.

Kuhusu kupe, niulize kabla ya kununua kidonge. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba vidonge vya kundi la isoksazolini vinaweza kuleta degedege kwa baadhi ya mbwa. Kwa mwenye kifafa nachagua njia nyingine pale inapowezekana, na usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe.

Ukija mara ya kwanza, njoo na kadi ya chanjo, chupa ya dawa anayotumia hata kama ni tupu, na ile video. Na yule atakayetoa dawa, njoo naye.