Udhihirisho wa jeni: mfano wa chavua ya mahindi

Karibu kila seli ya mmea wa mahindi ina jeni zote, yaani maelekezo ya urithi: za mizizi, za majani, za mbelewele. Lakini hakuna seli inayozitumia zote. Seli husoma zile inazozihitaji kwa kazi yake na kwa wakati wake. Hunakili maelezo ya jeni kutoka kwenye DNA, molekuli inayoyahifadhi, kwenda kwenye RNA, molekuli inayoyabeba, na mara nyingi RNA hiyo hutumika kutengenezea protini. Safari hiyo, tangu jeni inaposomwa hadi kazi yake inapoonekana, ndiyo udhihirisho wa jeni. Jeni isiyosomwa ipo, ila haifanyi lolote.

Chavua inafundisha jambo hili vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya mmea ninayoijua, kwa sababu wasomaji ni wawili: mmea mama na chembe ya chavua yenyewe.

Ndani ya vifuko vya mbelewele, seli zenye kromosomu 20 (nyuzi zinazobeba jeni) hugawanyika, na kila moja huzaa chembe nne zenye kromosomu 10 kila moja. Chembe hizi changa hulelewa na tapetamu, tabaka la seli za mama linalozilisha na kuzipa malighafi ya ukuta wa nje. Jeni iitwayo Ms45 husomwa humo. Kama jeni nyingine, mmea huwa na nakala zake mbili, na kila chembe ya chavua hurithi moja. Mmea wenye nakala mbili mbovu za Ms45 hautoi chavua inayofaa. Mwenye nakala moja nzima na moja mbovu, chavua yake yote hukomaa, hata chembe zilizorithi ile mbovu, kwa kuwa aliyesoma ni mama.

Sasa tazama jeni ya waxy, inayohusika na kutengeneza wanga. Hii husomwa na chembe yenyewe. Chukua chavua ya mmea wenye nakala moja nzima na moja mbovu, idondoshee iodini, kisha iangalie kwa hadubini: karibu nusu ya chembe, zilizorithi nakala nzima, ni za buluu iliyokoza hadi nyeusi; nusu, zilizorithi ile mbovu, ni za kahawia nyekundu. Mmea mmoja, kifuko kimoja, rangi mbili.

Wakati nao una uzito. Kuelekea kukomaa, chembe husoma jeni za safari na kuweka akiba ya RNA na protini, kama msafiri anayefunga masurufu. Ikitua kwenye ndevu za hindi, huota mrija mara moja, na mrija huo unaweza kulazimika kupita sentimita 20 au zaidi kulifikia yai.

Kuna akiba moja ambayo chavua haina. Jani likipigwa na joto kali husoma haraka jeni za protini za kukinga joto. Chavua iliyokomaa ina jeni hizohizo, lakini huzisoma kwa unyonge sana. Hiyo ni mojawapo ya sababu za mahindi kutoka na mapengo jua kali linapowaka siku za mbelewele.