Stima ikipotea na solar nayo yazima, na si kuharibika

Wiki hii nimepigiwa simu tatu za aina moja. Ya mwisho ilikuwa Alhamisi saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, mama mmoja wa kiwanda cha kushona yunifomu Changamwe, hapa Mombasa, cherehani zake ishirini zimekaa kimya na vijana wamekaa juu ya vitambaa wanachezea simu. "Mwanangu, stima imepotea na solar nayo imezima, na jua nalo naliona hapa nje. Mliniuzia vioo?" Mimi nilikuwa juu ya ngazi Kisauni na skurubu mdomoni, sikuweza hata kumjibu. Huo mtambo wala sikuufunga mimi, naufanyia sabisi tu, lakini aliyefunga hapokei simu kwa hivo matusi ni yangu.

Basi naandika hapa mara moja, na akinipigia mwengine ntamtumia hii.

Dhana yenyewe ni hii: nikishajaza paneli juu ya paa, stima ikipotea mimi sijali. Sio kweli, na nshachoka kuisema. Kama una paneli na inveta ya gridi (kile kisanduku kinachogeuza stima ya paneli ifanane na ya mtaa na kuichanganya nayo) bila betri, stima ya mtaa ikienda na yako inaenda, hata kama ni mchana wa jua kali. Imeundwa hivo makusudi, haijaharibika, usimwite fundi aje "kuireset".

Inveta ya gridi haina mdundo wake yenyewe. Inasikiliza stima inayotoka kwa mita, volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde, halafu stima ya jua inaiingiza humo ikifuata mdundo huo huo. Ni kama maamuma nyuma ya imamu, akirukuu naye arukuu. Tofauti ni kwamba imamu akiondoka maamuma anaweza kuimaliza swala yake peke yake, hii inveta haiwezi. Ikikosa mdundo wa kufuata inatakiwa ijitoe ndani ya sekunde mbili, na inveta ya maana yajitoa kabla hata hujamaliza kusema "imepotea".

Kwa nini iwe hivo? Kwa sababu kuna kijana amepanda nguzo. Stima imekatika mtaani, yeye ameambiwa laini imekufa, ameshika koleo anatengeneza. Sasa wewe huku paa lako linasukuma kilowati kumi kurudi barabarani. Transfoma haijui upande wa kuingilia wala wa kutokea, ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 415 ndiyo hiyo hiyo itakayozipandisha 415 zako kurudi 11,000 hadi kule kwa kijana. Kuna wateja wananiambia eti hiyo setting ya inveta kujitoa izimwe tu, watalipa juu. Siizimi. Na ukimpata fundi wa kuizimia mkimbie, kwa sababu huyo ndiye huyo huyo atakayekufungia paneli za nje kwa waya wa ndani ya nyumba.

Ile blackout ya tarehe 25 Agosti 2023, iliyokata karibu nchi nzima, kuna mtu alinipigia kesho yake kuniuliza mbona solar yake haikumsaidia. Ilikatika saa nne kasoro usiku! Nikamuuliza paneli zako zinakula mwezi au nyota.

Sasa huyu mama wa Changamwe, mpwa wake (kila mteja ana mpwa anayejua stima) akamwambia suluhisho ni rahisi, washa jenereta, inveta itaona stima ya jenereta itaamka. Kweli itaamka. Hiyo ndo hatari yenyewe. Jenereta inatoa mdundo, solar inaufuata, cherehani zinakwenda, kila mtu anafurahi, halafu saa ya chakula vijana wanazima mashine, mzigo unashuka, na jua liko vile vile. Ile stima ya jua inayobaki itaenda wapi? Gridi haipo, kwa hivo inarudi kwenye jenereta, inaanza kuisukuma kama mota, na ukikosa kilinzi cha kuikata unaharibu jenereta ya pesa nyingi ili uokoe dizeli ya mchana mmoja. Jua na jenereta vinaweza kukaa pamoja, mahoteli mengi yanafanya, lakini kuna kontrola katikati inayoipunguza solar ili jenereta ibaki na mzigo wake, kwa kawaida si chini ya asilimia 30. Hiyo kontrola haimo kwenye kotesheni ya bei ya chini, ndo maana ni ya bei ya chini.

Haya, mtu akishaelewa hapo anaruka upande wa pili: "Basi nitie betri." Betri ngapi? "Ya kutosha." Kutosha nini sasa. Betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5 ukiitumia kwa adabu inakupa 4 na kitu. Eisii (AC) mbili za kawaida zinazokula kilowati moja moja zitaimaliza kwa saa mbili hivi, na Mombasa eisii haikai ikapumzika. Birika la stima na pasi kwa pamoja ni kilowati 4, ongeza pampu ya maji inapoanza inveta ya kilowati 5 inalia piii inazima, halafu nalaumiwa mimi. Betri yenyewe haitoshi, inatakiwa inveta ya haibridi, ya paneli, betri na gridi pamoja, yenye njia yake ya dharura, na unatenga dibii ndogo (boksi la swichi) ya vitu ambavyo kweli haviwezi kukaa bila stima. Taa, intaneti, friji ya dawa, till ya duka. Birika halimo. Mtu anayetaka nyumba nzima iende kama kwamba hakuna kilichotokea anaweza, lakini alete pesa ya nyumba nzima.

Ndo nakuja kwa daftari langu, na wateja wangu wananicheka nalo. Kabla sijakupa kotesheni nakupa daftari la shule la kurasa 48 na kalamu, siku saba, kila saa mtu wako asome mita aandike. Ndio, kuna kifaa cha kurekodi hayo nakijua na ninacho, lakini nimeona mtu akipewa grafu anatikisa kichwa tu, akiandika kwa mkono wake anaanza kujiuliza mbona saa nane usiku tunakula yuniti zote hizi na duka limefungwa.

Mzee wa kiwanda cha barafu Likoni, wanaouzia wavuvi, alikuja mwaka jana akitaka betri za kuendeshea kompresa stima ikikatika. Nkampa daftari, kanuna, lakini kijana wake akaandika. Kwenye daftari mchana ni namba ndogo ndogo, ukifika magharibi zinapanda hadi alfajiri. Walikuwa wakigandisha usiku kwa sababu babake alikuwa akigandisha usiku. Ana sababu pia, usiku kuna baridi kidogo na kompresa inapumua, sikatai. Lakini mzee ana paa lote la solar linalozalisha mchana na mashine zake zimelala!

Nkamwambia mzee wangu, betri unayo, unaiuza kila siku alfajiri kwa tani. Tani moja ya barafu, kuyeyuka yote inahitaji joto la kilowati-saa 93 hivi, yaani huo ni ubaridi uliowekwa akiba, na ukiwa na stoo yenye kuta nzito na mlango unaofunga hauondoki kirahisi. Mabonge makubwa hayagandi kwa saa tano, kwa hivo kazi ya usiku haikuisha yote, lakini tumeianza saa mbili asubuhi badala ya magharibi. Tukabadilisha mpira wa mlango wa stoo uliokuwa umekatika chini, ukiweka mkono hapo unasikia ubaridi unakupita miguuni kama paka. Stima ikikatika mchana kwa muda wa saa mbili tatu kompresa inasimama, barafu iko pale pale, hakuna aliyelia. Betri aliyonunua ni moja ndogo, ya taa, kamera na pampu. Hiyo ndo teknolojia mpya watu wanayoitafuta mbali, ratiba na mpira wa mlango.

Mengine nayapitia haraka maana hayanikeri sana.

"Mombasa kuna joto, solar itazalisha zaidi kuliko Nairobi." Paneli inapenda mwanga, haipendi joto. Namba iliyoandikwa nyuma yake imepimwa seli zikiwa nyuzi 25, na juu ya bati la Mombasa saa sita mchana seli zinapita 60. Kila nyuzi moja juu unapoteza kama asilimia 0.35 kwa paneli nyingi za siku hizi, piga hesabu, ni asilimia 12 na zaidi imepotea hapo. Kwa hivo usizilaze paneli zikagusa bati, acha shubiri moja chini upepo wa bahari upite. Na wale mnaotazama video za Ulaya mnataka paneli zielekee kusini, sisi tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta, kama ni kuelekeza elekeza kaskazini, ila kwetu hapa tofauti ni ndogo, muhimu ni mteremko wa nyuzi 10 hivi mvua ipate kuzisafisha.

"Masika hakuna solar." Ipo, inapungua. Mawingu mazito utapata sehemu ndogo, si sufuri.

"Ukishafunga umemaliza." Huyu hajawaona kunguru wetu. Wananya juu ya paneli, wanaangusha mifupa ya samaki na ya kuku, na doa moja la mavi lililokauka juu ya seli chache linapunguza stima ya paneli nzima na hapo mahali panachemka. Maji na sponji laini asubuhi mapema kabla kioo hakijapata moto, si sabuni ya unga na si brashi ya choo, nimeikuta. Halafu chumvi. Nyumba za Nyali na Shanzu za mbele ya bahari nimeona nati za kawaida zimekula kutu hadi ukizigusa zinabaki mkononi kama biskuti. Reli ziwe za alumini, nati na bolti za stenlesi ya 316, na paneli muulize muuzaji kama imepimwa kwa chumvi kwa kiwango cha IEC 61701. Akikutazama kama umeongea Kichina nunua kwengine.

"Ntauza stima nipate pesa." Sheria ya Nishati ya 2019 imeruhusu na kanuni zake zikatoka 2024, lakini unachopata ni krediti ya yuniti kwenye bili yako, si pesa kwa M-Pesa, na unaomba kwanza, unabadilishiwa mita. Mita ya tokeni usiichezee, kuna zinazohesabu stima unayotoa kama umenunua, mtu anazalisha na tokeni zinakwisha mbio, anadhani ni majini.

Na la mwisho, eti fundi yeyote wa stima anafunga solar. EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati, wana leseni za daraja, T1, T2 na T3, na mambo ya gridi na haibridi ni ya T3. Mwambie akuonyeshe kadi. Mama wa Changamwe nilimwuliza kama aliona kadi ya yule wa kwanza, akaniambia aliona gari lake tu, lilikuwa na picha ya jua mlangoni. Jumatatu naenda kwake na daftari.